Upotevu au Mtoroko? Tathmini ya Istilahi za Kiswahili za Upimaji wa Chembe katika Plazma kwa Msomaji wa Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanatathmini istilahi za Kiswahili zinazotumika, au zinazoweza kutumika, kueleza jinsi wanafizikia wanavyopima chembe zinazoondoka katika plazma ya muungano wa viini kwa kutumia spektrometa ya miale ya gama. Tathmini inaongozwa na baadhi ya vigezo vya PEGITOSCA na inamweka mbele msomaji wa mashariki ya Uganda, hususan wa miji ya Jinja na Mbale. Miji hiyo ina mambo matatu yanayogusa istilahi hizo moja kwa moja: kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, bwawa la umeme, na kimondo kilichoanguka mwaka 1992. Makala yanashikilia kwamba istilahi myeyungano inabeba taswira isiyo ya tukio linalotajwa, kwamba utegili linamrudisha msomaji kwenye damu, na kwamba neno upotevu limebebeshwa dhana mbili ambazo hupimwa kwa njia mbili tofauti. Inapendekezwa upotevu libaki kwa kiasi kinachojulikana kwa hesabu ya kutoa, na mtoroko litumike kwa chembe zinazotambuliwa pale zinapotua.

1.0 Utangulizi

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika miaka ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Fizikia, hata hivyo, inaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Jinja au Mbale hukutana na Kiswahili kama somo miongoni mwa masomo, na hukutana na atomi katika lugha nyingine. Kabla ya kuingia darasani, Kiswahili cha eneo hilo kilikuwa kimepita katika reli, viwanda, vituo vya polisi na kambi za jeshi. Ni lugha ya kazi na ya amri kabla ya kuwa lugha ya maelezo.

Katika hali hiyo, mtu anaweza kuuliza istilahi za fizikia ya nyuklia zina kazi gani. Jibu lipo karibu. Serikali ya Uganda imetangaza mpango wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia Buyende, katika eneo la Busoga, kaskazini mwa Jinja. Kituo cha namna hiyo hutumia mwatuko wa viini, yaani kupasuka kwa viini vizito. Wakati huohuo, magazeti na redio hutangaza mafanikio ya utafiti wa namna ya pili ya nishati ya nyuklia, ambayo ni kuunganisha viini vyepesi. Mwananchi atakayeombwa maoni juu ya ardhi yake, maji yake na usalama wa watoto wake anahitaji maneno yanayozitenga njia hizo mbili. Anahitaji pia kujua mtaalamu anaposema kitu “kimepotea” kama kimetoka nje ya mtambo, kimegonga ukuta wa ndani, au kimekosekana tu katika hesabu. Tofauti ya maneno hapo ni tofauti ya hofu na ufahamu.

Mbinu ya makala haya ni uchambuzi wa istilahi. Kila istilahi inawekwa mbele ya tukio la kifizikia linalotajwa, kisha inaulizwa kama msomaji anaweza kutoka katika neno hilo na kufika kwenye tendo la upimaji bila kupotoshwa. Vigezo vinatokana na orodha ya PEGITOSCA inayohusishwa na K. B. Kiingi, mwanaisimu wa Uganda. Vinavyotumika zaidi hapa ni usahihi, iktisadi, uangavu na utaratibu wa kimfumo.

2.0 Kinachopimwa na Namna Kinavyopimwa

Istilahi haiwezi kutathminiwa pasipo kueleza tukio lenyewe. Deuteri na triti ni aina mbili nzito za hidrojeni. Viini vyake vikikutana kwa kasi ya kutosha huungana, na hutoka kiini cha heli, kiitwacho pia chembe ya alfa, pamoja na nyutroni moja. Nyutroni huondoka na nishati ya MeV 14.1, na alfa huondoka na MeV 3.5. MeV moja ni elektronivolti milioni moja. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo uga wa sumaku hauishiki; hupita moja kwa moja kuelekea ukutani. Alfa ina chaji, na uga wa sumaku huizungusha ndani ya plazma.

Kazi inayotarajiwa kwa alfa ni kupasha moto. Inapozunguka hugongana na chembe nyingine, hasa elektroni, na kuzigawia nishati yake kidogo kidogo mpaka yenyewe ipoe. Kwa kuwa MeV 3.5 ni takriban sehemu moja ya tano ya nishati yote ya tukio, plazma inayotarajiwa kujiendesha kwa joto lake yenyewe inaitegemea sehemu hiyo. Alfa ikiondoka kabla ya kupoa, hasara ni mbili: plazma inakosa joto, na ukuta wa chombo unapigwa na chembe yenye nguvu.

Mtambo wa JET uliokuwa Culham, Uingereza, ulizalisha megajuli 59 za nishati ya muungano katika sekunde 5 mnamo Desemba 2021, na megajuli 69 mnamo Oktoba 2023, kabla ya kufungwa mwishoni mwa mwaka huo. Kwa msomaji wa Jinja kipimo hicho kina mlinganisho wa karibu. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale, lina uwezo wa megawati 180. Likifanya kazi kwa uwezo wake wote, hutoa megajuli 59 kwa muda wa karibu theluthi moja ya sekunde. Katika megajuli 59 za JET, fungu la alfa lilikuwa takriban megajuli 12. Kila sehemu ya fungu hilo inayoondoka mapema ni jambo la kufuatiliwa.

Alfa haionekani, na mahali inapopita hapawezi kuwekewa kipimajoto. Njia mojawapo iliyoendelezwa na watafiti wa JET, miongoni mwao V. G. Kiptily, hutumia madini ya berili. Alfa yenye kasi ikigonga kiini cha berili, panaweza kuzaliwa kiini cha kaboni kilichosisimka, pamoja na nyutroni. Kaboni hiyo hutulia kwa kutoa mwale wa gama wenye nishati ya MeV 4.44. Kipande cha berili kikiwekwa nje ya plazma, mahali ambapo alfa zinazoondoka hutarajiwa kutua, na spektrometa ikaelekezwa kwenye kipande hicho peke yake, idadi ya miale ya MeV 4.44 itaeleza juu ya idadi ya alfa zilizofika hapo.

Neno “itaeleza juu ya” limetumiwa kwa makusudi. Si kila alfa huzaa mwale, si kila mwale huelekea kwenye spektrometa, na si kila mwale unaofika husajiliwa. Aidha, nyutroni za MeV 14 zikigonga kaboni iliyopo karibu zinaweza kuzaa mwale wenye nishati ileile ya MeV 4.44. Kwa sababu hiyo njia ya kuelekea spektrometa huzungushiwa kuta nene, na nyutroni hupunguzwa kwa vizuizi kama vile vya hidridi ya lithi. Kinachobaki baada ya marekebisho hayo yote ndicho kinachoitwa kipimo. Sehemu zinazofuata zinauliza kama Kiswahili kinamwezesha msomaji kuifuata safari hiyo.

3.0 Myeyungano: Neno na Joto Lake

Katika maandishi kadhaa ya Kiswahili ya sasa, hasa ya falaki, kuunganika kwa viini vyepesi huitwa myeyungano. Ndani ya neno hilo husikika mawili: kuyeyuka na kuungana. Sababu inaeleweka. Kiingereza hutumia neno fusion, ambalo asili yake ya Kilatini ni kuyeyusha na kumimina, na mtunzi wa istilahi ya Kiswahili amejaribu kuhifadhi asili hiyo pamoja na maana mpya. Neno ni fupi, halichanganyiki na neno jingine, na linakaa vizuri kando ya mwatuko. Kwa kigezo cha iktisadi linastahili alama za juu.

Udhaifu wake ni wa usahihi. Katika muungano wa viini hakuna kinachoyeyuka. Kuyeyuka ni kitu kigumu kugeuka kimiminika. Viini hivi havikuwa vigumu wala havigeuki kimiminika. Jinja na Mbale ni mahali pazuri pa kulipima neno hili kwa sababu miji yote miwili inajua kuyeyuka kwa hakika. Kuanzia mwaka 1956 shaba ya Kilembe, magharibi ya Uganda, ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja na kuyeyushwa huko. Msomaji ambaye baba au babu yake alifanya kazi katika kiwanda hicho anajua kuyeyusha ni nini: mawe, tanuri, moto, kimiminika chekundu. Akiambiwa kwamba jua linawaka kwa myeyungano, ana haki ya kuona tanuri hilo akilini, na ana haki ya kufikiri kwamba mafanikio ni kuongeza moto mpaka kitu kilainike.

Mbale ina ushahidi mwingine. Vipande vya kimondo kilichoanguka huko tarehe 14 Agosti 1992 vilifunikwa na gamba jembamba jeusi. Gamba hilo lilitokana na uso wa jiwe kuyeyuka lilipokuwa likipita katika angahewa kwa kasi kubwa. Wataalamu wa vimondo wanaoandika kwa Kiingereza hutumia neno lilelile fusion kulitaja gamba hilo. Kiingereza, basi, kina neno moja kwa matukio mawili yasiyofanana: ngozi ya jiwe kuyeyuka na viini kuungana. Kiswahili hakikuwa na ulazima wa kurithi utata huo, maana kina vitenzi viwili tangu awali. Myeyungano limechukua kilichokuwa kimetengana na kukishona pamoja.

Makala haya yanapendekeza gamba la jiwe liitwe gamba la myeyuko, na tukio la viini liitwe muungano wa viini. Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba muungano ni neno pana mno: hutumika katika siasa, katika ndoa na hata katika kemia. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana neno viini halipaswi kuachwa. Istilahi ya maneno matatu ni ndefu kuliko ya neno moja, lakini urefu huo unamwambia msomaji kinachounganika ni nini. Katika kuamua kati ya ufupi unaopotosha na urefu unaoeleza, istilahi ya kufundishia inapaswa kuelekea upande wa pili. Tena jozi ya mwatuko wa viini na muungano wa viini inatimiza kigezo cha utaratibu: kimoja hupasuka, viwili huungana, na tofauti ya Buyende na Culham inaelezeka kwa sentensi moja.

4.0 Utegili na Damu

Hali ya maada ambamo elektroni zimetengana na viini vyake huitwa utegili katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili, na neno hilohilo hutumika kwa majimaji ya damu. Utata huu nao umerithiwa. Irving Langmuir alipolitumia neno plasma kwa gesi yenye chaji mwaka 1928, neno hilo tayari lilikuwa la tiba, na mmoja wa wenzake aliandika baadaye kwamba ulinganisho na damu inayobeba chembechembe zake ndio uliolileta.

Mbale ni mji wa hospitali ya rufaa ya kanda na kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Msomaji wa huko akisikia utegili au plazma atawaza damu kwanza. Hilo si kosa lake, na halina budi kuzingatiwa. Swali ni ipi kati ya istilahi hizo mbili inamsaidia kuondoka kwenye damu na kufika kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Utegili linamzuia, kwa sababu masikio ya Mswahili yanasikia ndani yake ute, yaani kitu kizito, chenye unyevu na kinachonata. Plazma ya JET ilikuwa nyembamba mno kuliko hewa. Uangavu wa utegili, ambao ni sifa yake katika maabara ya damu, unageuka kuwa kosa katika fizikia. Neno lisilo na uangavu wowote ni salama kuliko neno lenye uangavu wa kitu kingine.

Kwa hiyo plazma, neno la mkopo, linafaa zaidi hapa, mradi linapotokea mara ya kwanza liandikwe pamoja na maelezo: gesi ambayo elektroni zake zimeachana na viini. Utegili libaki kwa damu. Kwa njia hiyo utata wa Kiingereza unatatuliwa badala ya kunakiliwa.

5.0 Hasara, Uvujaji, Upotevu na Mtoroko

Kiini cha makala haya ni namna ya kutaja chembe zinazoondoka. Maneno manne yanagombea nafasi hiyo.

Hasara ni neno la biashara. Linafaa kutaja matokeo, kama lilivyotumika katika sehemu ya pili, lakini halitaji kitu kinachosogea. Mtu hawezi kuuliza hasara ilitua wapi.

Uvujaji ni neno la hatari zaidi. Linaangavu: kitu kimetoka katika chombo kupitia ufa. Ndilo neno ambalo vyombo vya habari hulitumia kwa mionzi inayotoka katika mtambo ulioharibika. Chembe za alfa zinazoondoka katika plazma hazitoki nje ya chombo. Hugonga ukuta wa ndani au kilengwa cha berili, hupoa, na mwisho wake ni gesi ya heli. Kuziita zinazovuja ni kumtia mwananchi wa Busoga hofu ya kitu ambacho hakikutokea, na siku uvujaji wa kweli ukitokea mahali popote, neno litakuwa limekwisha kupoteza makali yake.

Upotevu ndilo neno ambalo mfasiri wa kawaida atalichukua kwanza. Lina matumizi imara katika sekta ya umeme, na Jinja, mji wa bwawa, una sababu ya kulijua. Upotevu wa umeme ni tofauti kati ya umeme uliopelekwa katika gridi na umeme uliolipiwa. Ndani yake mna joto la nyaya, mita mbovu na wizi. Hakuna aliyeyaona yote hayo kwa macho. Yanajulikana kwa sababu hesabu mbili hazikulingana. Upotevu, kwa hiyo, ni jina la baki. Ni kile kinachopatikana kwa hesabu ya kutoa.

Katika fizikia ya plazma ipo dhana inayolingana na hiyo kikamilifu. Mtafiti anajua nishati iliyoingia, anajua nishati aliyoikuta, na anaita tofauti yake upotevu. Hapo neno linafaa na halihitaji mshindani. Lakini spektrometa inayotazama kilengwa cha berili haifanyi hesabu ya kutoa. Inasajili dalili za chembe zilizofika mahali fulani, kwa wakati fulani, zikiwa na nishati ya kutosha kuzaa mwale wa MeV 4.44. Chembe hizo hazikupotea. Anwani yake inajulikana. Kuita jambo hilo upotevu ni kufuta tofauti kati ya mhasibu anayegundua kwamba fedha hazitoshi na askari anayemkamata mtu mlangoni.

Neno linalofaa kwa dhana hii ya pili ni mtoroko, na chembe zenyewe ziitwe chembe zilizotoroka. Sababu ni tatu. Kwanza, kutoroka kuna mahali pa kutokea na mahali pa kufikia, swali “zimetorokea wapi?” ni Kiswahili sanifu na pia ni swali la kifizikia. Pili, linaingia katika mfumo. Hali ya chembe kushikwa na uga inaweza kuitwa kifungo cha sumaku. Kifungo na mtoroko ni maneno yanayofahamiana. Tatu, linafahamika kwa msomaji wa eneo hili hata kama Kiswahili chake ni kidogo, kwa kuwa Luganda, lugha inayosikika sana Jinja na pia Mbale, ina kitenzi okutoloka chenye maana hiyohiyo. Lugha hiyo humpa pia kitenzi okubula kwa kupotea, na hivyo tofauti inayopendekezwa hapa tayari imo kinywani mwake.

Neno hili halikosi dosari. Mtoro ni mtu mwenye nia. Katika pwani ya karne ya 19 watumwa waliokimbia mabwana zao waliitwa watoro, na katika kambi za jeshi mtoro ni askari aliyeacha kikosi. Katika mji kama Jinja, ambako Kiswahili kilikaa kambini muda mrefu, masikio yatasikia adhabu ndani ya kifungo na kosa ndani ya mtoroko. Alfa haina nia wala kosa. Huondoka kwa sababu njia yake ni pana kuliko nafasi iliyopo, au kwa sababu uga wa sumaku una mawimbimawimbi kati ya koili na koili, au kwa sababu msukosuko ndani ya plazma umeisukuma. Mwandishi anayetumia mtoroko ana wajibu wa kutaja sababu hiyo katika sentensi ileile au inayofuata, ili kitenzi kisichukue nafasi ya maelezo. Dosari inayoweza kurekebishwa kwa sentensi moja ni ndogo kuliko ile ya upotevu, ambayo haionekani na kwa hiyo hairekebishwi.

6.0 Kupima, Kukadiria na Jiwe la Mbale

Istilahi ya mwisho inayohitaji uangalifu ni kitenzi kupima chenyewe. Kiswahili hupima nguo, hupima unga, hupima homa na hupima ardhi. Katika yote hayo kipimo hugusa kitu kinachopimwa. Msomaji anayeambiwa kwamba alfa zilizotoroka “zimepimwa kwa miale ya gama” anaweza kudhani miale ilitumwa kwenda kuzigusa. Kinyume chake ndicho kweli: miale ilitoka huko, na alfa iliyoizaa ilikuwa imekwisha kuacha kuwapo kama alfa, kwani ilikuwa imeingia katika kiini cha kaboni.

Mbale ina mfano bora wa upimaji wa namna hii. Kimondo cha 1992 kilivunjika angani saa tisa na dakika 40 alasiri na vipande vyake vikatawanyika katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Kimoja, kidogo, kilimpiga mtoto kichwani. Peter Jenniskens na wenzake, katika makala waliyoyachapisha mwaka 1994, walieleza mahali 48 vilipoanguka vipande, kikubwa kikiwa na kilo 27.4. Walitoa pia vipimo vya viini nururifu vya maisha mafupi katika vipande viwili, na kimoja kati ya hivyo kilipimwa siku 12 tu baada ya kuanguka.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Jiwe linaposafiri angani hupigwa na miale ya kosmiki, na mapigo hayo huzaa ndani yake viini nururifu. Likishatua, linakingwa na angahewa, na viini hivyo huanza kupungua bila kufidiwa. Vanadi-48, kwa mfano, hubaki nusu kila baada ya siku 16. Ndani ya siku 12 zimekwisha kuondoka karibu asilimia 40. Alumini-26, kwa upande mwingine, huhitaji takriban miaka 700,000 kufikia nusu. Kila kiini kati ya hivyo viwili kinapobadilika hutoa miale ya gama yenye nishati yake mahususi, na spektrometa huzihesabu. Miale ya kosmiki iliyolipiga jiwe haikukamatwa na mtu. Imejulikana kwa alama iliyoiacha.

Berili ya Culham na jiwe la Mbale ni mashahidi wa aina moja. Kila kimoja kilipigwa na chembe ambazo hazipo tena, na kila kimoja kinatoa mwale ambao nishati yake ni jina la tukio. Tofauti ni kwamba mtafiti wa plazma alikiweka kilengwa chake kwa hiari, ilhali cha Mbale kilikuja chenyewe. Mwalimu wa fizikia wa mashariki ya Uganda anayetafuta pa kuanzia hana haja ya kwenda Uingereza.

Kwa msingi huo inapendekezwa kwamba kupima litumike kwa kile spektrometa inachohesabu, yaani miale, na kukadiria litumike kwa kile kinachofikiwa kutokana na hesabu hiyo, yaani idadi ya alfa zilizotoroka. Kukadiria si kubahatisha. Katika Kiswahili cha hesabu ni kufikia kiasi kwa kutumia kanuni na data, na makadirio huambatana na mipaka yake. Msomaji aliyeambiwa “miale ilipimwa, mtoroko ukakadiriwa” anajua mahali pa kuweka swali lake: katika spektrometa, au katika kanuni.

7.0 Aya ya Majaribio

Istilahi hupimwa kwa kuandikiwa. Aya ifuatayo inatumia mapendekezo yote yaliyotangulia:

“Katika muungano wa viini, deuteri na triti hutoa nyutroni na alfa. Alfa ina chaji, hivyo hubaki katika kifungo cha sumaku na kuipasha plazma moto. Baadhi ya alfa hutoroka kabla ya kupoa, kwa sababu uga haukuwa sawa kila mahali au kwa sababu ya msukosuko katika plazma. Zikitua kwenye kilengwa cha berili, baadhi yake huzaa kaboni iliyosisimka, ambayo hutoa mwale wa gama wa MeV 4.44. Spektrometa hupima miale hiyo. Kutokana na idadi yake, mtoroko wa alfa hukadiriwa. Makadirio hayo hulinganishwa na upotevu wa nishati ulioonekana katika hesabu ya jumla. Yakipungukiwa, kuna njia nyingine ya kuondoka ambayo haijatazamwa.”

Sentensi mbili za mwisho ndizo hoja ya makala haya kwa ufupi. Haziwezi kuandikwa kwa Kiswahili ikiwa mtoroko na upotevu ni neno moja. Mwandishi atalazimika kusema kwamba upotevu unalinganishwa na upotevu, na msomaji atafikiri ni kosa la uchapaji. Hoja ya kisayansi, yaani kulinganisha kilichonaswa na kilichokosekana, itakuwa imefutwa na kamusi kabla ya kufika darasani.

8.0 Hitimisho

Kazi ya istilahi za sayansi katika Kiswahili ina urithi mkubwa, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Urithi huo ulilenga zaidi majina ya vitu. Tathmini hii imeonyesha kwamba katika fizikia ya sasa ugumu mkubwa uko kwenye majina ya matendo: kuungana, kutoroka, kupotea, kupima, kukadiria. Vitenzi hivyo ni vya kila siku na kwa sababu hiyo hupita bila kukaguliwa, ilhali ndivyo vinavyobeba mantiki ya jaribio.

Mapendekezo ni manne: muungano wa viini badala ya myeyungano, plazma kwa gesi yenye chaji na utegili kwa damu, upotevu kwa baki ya hesabu na mtoroko kwa chembe zilizotambuliwa zilipotua, kupima kwa kinachosajiliwa na kukadiria kwa kinachofikiwa. Neno uvujaji liachwe kwa kitu kilichotoka nje ya chombo. Kamati za istilahi katika nchi za Afrika Mashariki zinapokutana, zinafaa kudai kila istilahi iletwe ikiwa ndani ya aya kamili, na aya hiyo isomwe na mwalimu wa sayansi wa Jinja au Mbale kabla ya kupitishwa. Orodha ya maneno inaweza kupita mtihani wa kamati na kushindwa katika sentensi ya kwanza ya mwananchi anayetaka kujua kama kitu fulani kimetoka nje, kimegonga ukuta, au hakijaonekana tu katika hesabu.